Vyuma Chini ya Darubini

Saifuddin wa Biashara Street alikuwa na bunduki moja, mke mmoja na ukaidi wa watu kumi. Nasema hivi kwa mapenzi, maana tuliishi nyumba moja Mji wa Kale, yeye orofa ya juu na mimi ya chini, na kila alichoangusha nilikisikia. Wiki nzima alikuwa dukani akikunja na kukunjua leso mbele ya wanawake wasiojua wanachotaka. Jumapili alivuka Feri na sanduku refu jeusi mkononi, akaenda kwenye uwanja wa chama chetu cha walenga shabaha, nyuma ya Likoni. Wauza korosho wa Feri walidhani amebeba fidla, wakamwuliza harusi ya leo iko wapi. Naye huwajibu, bila hata kutabasamu, kwamba ya leo iko Mtongwe.

Mimi, Jamaldin, nilikuwa mwanachama pia, ingawa ukweli ni kwamba nilifuata chai na kaimati. Saifuddin alifuata kitu kimoja tu: nafasi katika timu ya Pwani, ile ya watu wanne inayokwenda Nairobi kila mwaka. Tangu ujana wake jina lake lilikuwa likija la tano. Kisha mwaka wa tisini na nne daktari akamwambia kwamba jicho lake la kulia, ndilo la kulengea, limeingia mtoto wa jicho. Lingepasuliwa mwisho wa mwaka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumwahidi kitu. Ilikuwa aingie timu mwaka ule au basi tena.

Akaagiza darubini ya bunduki kutoka Dubai. Ilikuwa nzuri, sina la kusema. Ukichungulia, ile karatasi ya shabaha iliyokuwa mbali inakujia mpaka puani. Ila Saifuddin alikataa katakata kung'oa vyuma vya zamani vya kulengea, kile cha nyuma chenye pengo na kile kijiti cha mbele karibu na mdomo wa bunduki. Aliifunga darubini juu ya miguu mirefu yenye uwazi katikati, ili akipenda achungulie chini yake na kuviona vyuma. Sasa darubini ikawa juu mno kwa shavu lake, akazungushia kitako cha bunduki leso ya dukani kwake, ikawa kama mto.

Kila Jumapili, tulipomaliza na birika limeshatiwa moto, yeye huifungua ile leso, akashusha shavu, akapiga risasi zake za mwisho kwa vyuma. Zoezi hilo aliliita kuwajulia hali wazee. Kama vimesogea hata kidogo, huvirekebisha palepale, nasi tukingoja chai kwa hasira.

"Mjomba," Kaizar, mtoto wa dadake, alimwambia siku moja, "umenunua friji na bado wapanga mitungi jikoni?"

"Stima ikikatika utakuja kuniomba maji," Saifuddin akajibu, akaendelea kupiga.

Siku ya kuchagua timu tulifika mapema. Alipofungua sanduku, harufu ya udi ikatuingia puani mpaka kichwani. Mtu mmoja akauliza bibi harusi ni nani. Saifuddin akalala kwenye mkeka wake, akatoa vifuniko vya darubini, akachungulia. Akainua kichwa. Akachungulia tena.

"Jamaldin," akaniita taratibu, "njoo uangalie. Ni jicho langu au ni kioo?"

Nikaangalia. Palikuwa peupe kama maji ya wali. Nikamwambia ni kioo, na nikaona mabega yake yameshuka kwa faraja, maskini, alidhani jicho limemtoroka siku ileile.

Mimi nilielewa mara moja. Firoza, mkewe, alikuwa amefundishwa na mke wangu Mwanakuu kupika udi wa sukari, na tangu hapo hakuna kilichosalimika mle ndani. Alifukiza nguo, mito, mapazia na paka. Jana yake alasiri, kama Mwanakuu alivyonisimulia baadaye, alikuwa ameifukiza bunduki kwa dua, na ili baraka ziingie mpaka ndani, alivifungua vifuniko pande zote mbili. Moshi wa sukari na mafuta ukaganda kwenye vioo. Saifuddin akafuta kwa ncha ya shati, ukazidi kutapakaa.

"Chukua yangu, mjomba, mimi nimeshapiga," Kaizar akasema, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Yako inalijua bega lako, hainijui mimi," Saifuddin akamjibu. Msimamizi akaita kwamba muda wa kujiandaa umekwisha.

Basi akaifungua leso. Aliikunja vizuri, kama kwamba yuko dukani, akaiweka kando. Akashusha shavu, akachungulia chini ya darubini. Jicho lile halikuweza tena kuona kijiti na karatasi kwa pamoja, kwa hivyo alikitazama kijiti peke yake, na karatasi akaiacha iwe doa tu huko mbali. Alipiga polepole mpaka nikataka kumtikisa. Walipoleta karatasi, risasi zilikuwa zimesambaa kuliko kawaida yake ya darubini, lakini hazikutoka nje. Majina yakasomwa. Kaizar alikuwa wa kwanza, na Saifuddin akawa wa nne. Nililia, wala sioni haya.

Tuliporudi, Firoza alikuwa juu ya ngazi, gilasi ya sharubati mkononi. Aliuona uso wa mumewe kabla hajasema neno.

"Si nilikwambia?" akapaza sauti, furaha imemjaa. "Ni ule udi!"

"Ni udi, Firoza," Saifuddin akasema. "Bila wewe nisingevitumia vile vyuma hata kidogo." Akanywa sharubati yote.

Nilimngoja mpaka tukabaki wawili, nikamwuliza mbona hamwambii. Akanitazama kama niliyeuliza bei ya kitu kisichouzwa.

"Nimwambie nini? Kwamba dua yake ilinipofusha? Amenisubiri juu ya ngazi ile tangu jina langu likiwa la tano."

Jioni ya kuamkia safari ya Nairobi nilipanda kumuaga. Firoza alikuwa amesimama na chetezo, moshi umejaa chumba. Saifuddin alikuwa amempakatia bunduki kwa mikono miwili, na vifuniko vya darubini alivifungua mwenyewe, cha mbele kisha cha nyuma.

"Sogeza karibu," alikuwa akimwambia mkewe. "Hapo hapajapata."