Siku Sajini Alipopakwa Dawa ya Ng'ombe

Pale Nkoma, mtaa wa mji wa Mbale nchini Uganda, Eucabeth alijulikana kwa nguo za mitumba alizouza sokoni na kwa uhakika wake juu ya kila jambo. Alihamia kutoka upande wa Kenya na mumewe Barasa, dereva wa lori, na tangu siku ya kwanza hakuwaamini majirani. Ndiyo maana alifuga mbwa, akamwita Sajini. Sajini mwenyewe aliwapenda watu wote, wezi wakiwamo.

Jumamosi moja Eucabeth alimkuta mbwa amejaa kupe. Kwenye duka la pembejeo alielezwa kwamba dawa ya kuogeshea ng'ombe huchanganywa na maji mengi, na kwamba mbwa ana dawa yake. Eucabeth aliona maji ni mambo ya watu wabahili. Akampaka Sajini dawa tupu, kuanzia masikioni hadi mkiani, akaenda kwaya.

Aliporudi, mbwa alikuwa anatiririka mate, anatapika, miguu inatetemeka. Eucabeth akatangaza papo hapo kwamba Hasifa, jirani yake, ndiye aliyemlisha sumu, kwani juzi tu alilalamika kwamba Sajini anaingia jikoni kwake. Watu wakajaa uani. Mwenyekiti wa mtaa akaletewa kiti, kikao kikafunguliwa kwa sala. Mmoja alitaka ushahidi, mwingine akapendekeza kamati. Bwana mmoja alikuwa anammiminia mbwa maziwa kooni, maana alisikia maziwa huua kila sumu. Aliyemwangalia mgonjwa vizuri alikuwa mshtakiwa peke yake.

"Mama Phanice," Hasifa alimwambia Eucabeth, "mbwa huyu ananuka dawa ya ng'ombe. Umempaka?"

"Kidogo tu."

"Ulitia maji?"

Eucabeth akamwambia asibadilishe mada.

Hasifa akampigia simu daktari wa mifugo anayetibu mbuzi wake. Daktari aliagiza waache maziwa, maana mbwa atapaliwa. Wajifunge kavera, yaani mifuko ya plastiki, mikononi, wamwoshe kwa sabuni na maji mengi, kisha wamlete upesi pamoja na chupa ya dawa. Hasifa akamwosha mwenyewe huku kamati ikitafuta katibu. Halafu wanawake hao wawili wakapanda boda boda moja hadi kwa daktari, Nabuyonga, Sajini amelala mapajani mwa Hasifa akimlowesha gauni.

Daktari alisoma maandishi ya chupa, akachoma sindano, akauliza nani alimpaka.

"Watu wa nyumbani," Eucabeth alijibu.

Daktari akasema wana bahati, wangechelewa kidogo tu wangekuja na mzoga. Akaonya kwamba dawa hiyo, na ile ya panya, zifungiwe mahali asipofika mnyama.

Sajini alipona. Eucabeth hakuomba radhi, ila alimpelekea Hasifa gauni jipya, akisema limemkataa mteja. Hasifa alilipokea.

Siku hizi Eucabeth huwafundisha akina mama sokoni dalili za sumu: mate, kutapika, kutetemeka, kuyumba. Somo lake ni sahihi kabisa. Kisa tu kimebadilika kidogo. Sasa aliyempaka mbwa ni Barasa, ambaye siku ile alikuwa Jinja akipakia sukari, na aliyegundua ni Eucabeth. Barasa akiwapo huitikia kwa kichwa. Akina mama humtazama Eucabeth kwa huruma, wakishangaa mwanamke mwerevu namna ile anavyomvumilia.