Siku Niliyomwombea Rais kwa Ajili ya Goti

Aibu niliyopata mbele ya kanisa zima pale Huruma, Eldoret, sijaisahau, na kama nawasimulia leo ni kwa sababu Mama Njeri, mke wangu, hayuko karibu kunirekebisha.

Nilikuwa nimekatika kano ya goti, ile kamba ngumu inayoshikanisha pia ya goti na mfupa wa muundi, kwa kuruka kutoka kwenye lori nikishusha unga wa duka langu. Hospitalini wakaishona, nikafungwa plasta, na ilipotolewa paja lilikuwa limekonda kama la kuku (mimi, mtu wa kubeba magunia). Daktari akasema ikikatika tena nitatembea na fimbo maisha yangu yote, kwa hivyo nisipige magoti mpaka aniruhusu. Basi kila asubuhi kabla ya kufungua duka, Mama Njeri alinifunga mfuko wa mchanga mguuni akasema, "Inua. Polepole. Kunja uso ukitaka, lakini inua," na yule mwanamke hakukosa hata siku moja, hata zile asubuhi za baridi ya kugandisha vidole.

Jumapili ya kutoa shukrani nikaacha fimbo nyumbani (nani atashuhudia uponyaji akiwa na fimbo?), nikasimama mbele nikasema nimepona kabisa, na mchungaji aliposema tupige magoti niongoze maombi, Mama Njeri akanitikisia kichwa kunikataza kutoka kwenye benchi lake, nami nikapiga magoti hivyo hivyo. Kushuka kulikuwa rahisi. Kuinuka ndiko kulikokataa, goti linawaka moto na paja halina nguvu yoyote, kwa hivyo badala ya kusema amina nikaanza kumwombea Rais, na mnaijua miaka ile ya chama kimoja, Rais akiombewa nani angethubutu kuinuka kwanza? Nikaombea mawaziri, nikaombea chama, DC wa wilaya yetu, diwani, chifu (ambaye alikuwa amepiga magoti papo hapo mbele akipangusa jasho), mahindi ya mashamba ya kule Soy, mpaka nikakosa wa kuombea nikarudi kwa Rais.

Ndipo nikasikia viatu vya Mama Njeri vikija. Akainama.

"Baba Njeri, limekataa?"

"Limekataa."

Akawageukia watu. "Bwana asifiwe. Huyu mzee hajapona. Mimi ndiye namfanyisha mazoezi, hilo goti nalijua. Semeni amina muinuke." Kisha akaniambia, "Huo mguu usiusukume. Niegemee mimi," akaniinua mzima mzima, mwanamke anayenifika kwapani, na kanisa likacheka mpaka mchungaji akaketi.

Mlangoni chifu alinipa mkono akasema hajawahi kuona mtu anayeipenda serikali hivyo. Goti lilivimba, lakini kano haikukatika. Nyumbani sikugombezwa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kesho yake nikasikia tu mfuko wa mchanga ukifungwa mguuni na sauti ile ile ikisema, "Inua."

Nilipona kweli, na duka nililifungua kwa miguu yangu miwili kwa sababu yake. Lakini hadi leo, mchungaji akisema tupige magoti, mimi namtazama Mama Njeri kwanza.