Ntumba za Dada Kristiana

Dada yangu Kristiana hakuwa mtu wa kukaa. Kijijini kwake, upande wa Kaengesa, alijulikana kwa ntumba zake, yale matuta ya mviringo tunayofukia majani ndani yake yaoze, ili mvua za mwisho wa mwaka zikianza tuyabomoe na kupanda ulezi. Za kwake zilikuwa kubwa, zimenyooka mistari. Wenzake walimtania kwamba anapanga shamba utadhani anapanga vyombo kabatini.

Mwezi wa nane bodaboda iliyombeba ilimwangusha, akapiga kichwa kwenye kalvati. Hospitalini picha ya kichwa ilionekana safi. Wakasema ni mtikisiko wa ubongo, utaisha. Haukuisha. Akiinama, dunia inazunguka. Akigeuka ghafla, anatapika. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mke wa Fabiani amegundua namna ya kupumzika. Mimi aliniambia jambo moja tu: "Jovina, mvua zikianza nisipofungua ntumba zangu mwenyewe, mimi si mtu tena."

Nikamleta kwangu Chanji, mjini, pamoja na mumewe. Mtaani kwetu kulikuwa na bwana mmoja mwenye kiti cha kuzunguka, anayemzungusha mgonjwa akiwa amefumba macho na kuapa kwamba kizunguzungu huondolewa kwa kizunguzungu. Aliahidi kuponya, bila shaka yoyote. Shemeji Fabiani alimpenda papo hapo. Mimi niliwaburuta kwanza kwa Lugano, kijana kutoka Mbeya, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Shikamoo mama," Lugano alimwambia dada. "Sitakudanganya. Haya ni mazoezi ya kuuzoesha ubongo usawa upya. Wapo yaliowasaidia, wapo ambao hayakuwasaidia, na utafiti bado ni mdogo. Wengine hupona wenyewe tu, siku zikipita."

"Sasa mtaalamu asiyejua ni mtaalamu gani?" Fabiani alinong'ona, kwa sauti ya kusikika.

Nilitamani kumpiga kiatu. Dada akasema, "Baba Stanley, huyu angalau kaniambia ukweli. Nitafanya ya kwake."

Wakarudi kijijini. Dada akachora herufi ukutani kwa mkaa, akawa anaikazia macho huku akigeuza kichwa polepole, kushoto na kulia. Kisha kuinama na kuinuka, mtu amemshika. Hilo Lugano alilisisitiza mbele yetu sote: asiwe peke yake, asiharakishe. Watoto wa jirani walichungulia dirishani wakicheka. Lakini taratibu kichefuchefu kikapungua, akaanza kwenda kisimani mwenyewe. Ni mazoezi, au ni siku zilizopita tu? Nilimpigia Lugano simu nikamuuliza. Alisema hajui, na nilimheshimu kwa hilo.

Mvua ikaanza. Fabiani akaja na akili yake: "Mama Stanley, kuinama, kuinuka, kugeuka. Si ndiyo kulima huko? Twende ukafanyie mazoezi shambani, upone na tupande."

Nakasirika hata sasa ninapoandika. Lakini dada alikuwa amelisubiri neno hilo kwa hamu. Alichukua jembe mumewe hajamaliza hata kusema. Alifungua ntumba ya kwanza, na ya pili, huku akicheka na kumwita Fabiani aje aone. Fabiani alikuwa upande wa pili wa shamba, hakuna aliyemshika. Kwenye iliyofuata akainuka haraka, dunia ikazunguka, akaanguka kinyumenyume juu ya jiwe la mpakani.

Safari hii picha haikuwa safi. Walimlaza wiki nyingi, kisha wakamruhusu kwa sababu hapakuwa na cha kumfanyia zaidi. Ile herufi bado ipo ukutani. Ukimuuliza ni ya nini, hakumbuki.

Nilikwenda kumwona mwezi wa kwanza. Njiani kote nilikuwa nikipanga maneno makali ya kumwambia shemeji. Nilimkuta ameketi kitandani pa dada, anamlisha uji kwa kijiko. Shamba alikuwa amelimaliza peke yake. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hatukusikilizana salamu.

Dada alimgeukia, uji ukimtiririka kidevuni. "Baba Stanley, mvua zimeanza?"

Fabiani akamfuta kwa kanga. Ilibidi apaze sauti ili asikike.

"Bado, mama Stanley," alisema. "Bado kabisa. Wewe pumzika."