Mkwaruzo wa Gitaa la Solo

Bendi nzima ilimwita Solo, kwa kuwa gitaa la solo lilikuwa lake tangu usichana wake. Siku hizi hata kulipiga hakumfurahishi. Alipiga harusini, akala, akalala. Mumewe alipofungasha virago, yeye alimsaidia kutafuta soksi. Watu walingoja alie, wakachoka kungoja, wakaenda zao.

Sasa gitaa nalo lilikuwa limeanza vituko. Noti za juu, zile tamu zenyewe, zilitoka na mkwaruzo, zzz, kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Kiongozi wa bendi hakumung'unya maneno: Jumamosi likikwaruza tena, sehemu yake atapewa mpiga kinanda. Solo akaomba ubovu uwe wa gitaa. Gitaa lina fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa kaka yake wa tumbo moja, ndiye aliyemfundisha kupiga, na hakuwahi kumsifu hata siku moja.

"Umelifanyia nini hili?" akauliza. "Umelichotea maji?"

"Tengeneza, kaka. Maneno baadaye."

Akaikagua shingo ya gitaa kwa jicho moja, akaikuta imenyooka. Akapitisha kidole kwenye vyuma vya shingoni, hakuna kilichochomoza. Akapiga noti zile zile. Safi. Akampa dada yake apige. Zzz.

"Hee!" Akachukua spana ndogo, akainua nyuzi kidogo ili zisigonge vyuma. Akapiga yeye: safi. Akapiga Solo: zzz, tena zaidi ya mwanzo. Akazishusha, akafunga nyuzi mpya, nyembamba. Zzz.

Kaka akaacha utani. Solo alijua hapo alipaswa kuogopa, lakini moyoni palikuwa kimya tu.

"Zinazokwaruza ni zile unazobonyeza kwa kidole cha mwisho," kaka akasema taratibu.

"Basi ndipo lilipoharibika. Angalia hapo hapo."

Kaka akalilaza gitaa juu ya meza, akavuta kiti karibu naye.

"Fumba macho. Usikilize vizuri."

Solo akafumba, mkono wake wa kushoto ukiwa umetulia mezani. Nje kulikuwa na mtu anafagia.

"Unasikia?"

Akatega sikio. Ufagio ulikuwa umenyamaza.

"Bado."

"Na sasa? Unasikia?"

Hakuna zzz. Hakuna chochote. Furaha ikampanda ghafla, ya kwanza tangu mume aondoke, mpaka akacheka kwa sauti.

"Sisikii kitu! Kaka, sisikii kitu kabisa! Limepona!"

Akafumbua macho. Gitaa lilikuwa pale pale lilipolazwa, halijaguswa. Kaka yake alikuwa amekishika kidole cha mwisho cha dada yake, amekizamishia ukucha wa gumba mpaka ngozi imebonyea, na bado alikuwa anabonyeza.