Mzinga Chini ya Kiota cha Furukombe

Mwaka jana furukombe wawili, wale tai wala samaki, walijenga kiota juu ya mkuyu wangu, kule kijitoni, karibu na Mabamba. Nauita wangu kwa sababu mzinga wangu umetundikwa humo, na huku kwetu mti wenye mzinga wa mtu hauguswi na mwingine. Hao wenye vichwa vyeupe hawakuniomba ruhusa, lakini nilifurahi hata nikasahau kukasirika. Kila asubuhi nilikwenda kuwatazama wakipokezana kulalia mayai.

Aliyeninyima raha ni bata wa mtoni, jike mnene aliyeshinda kwenye tawi la jirani akikikodolea macho kiota. Bata hawa ni wavivu wa kujenga. Wakiona kiota cha mwingine wanakitaka. Mara mbili alisogea, na mara mbili furukombe dume alimtimua.

Wiki hiyohiyo tulitarajia wageni wa kuja kumposa binti yetu.

"Jumamosi chai yao ni ya asali," mke wangu aliniambia. "Usinitie aibu, mzee."

"Ego, nitaleta," nikaitikia, nikachukua ndoo na mwenge wa majani makavu.

Wenzangu hurina usiku. Macho yangu hayaniruhusu tena, kwa hiyo nilipanda jioni jua lingalipo. Niliwaza nyuki tu, mjinga mimi. Moshi ulipanda moja kwa moja hadi kiotani, furukombe wote wawili wakaruka, wakatua ng'ambo ya kijito. Ulipopungua, bata aliwahi kabla yao. Aliingia kiotani akaanza kuyasukuma mayai kwa kifua kama mwenye nyumba.

Sisi warina asali tuna mwiko: mzinga ukishafunguliwa, hupigi kelele. Na wangu ulikuwa wazi. Nikaitazama asali, nikamtazama bata. Mayai yale yangevunjika kwa kosa langu, na hilo liliniuma kabla ya nyuki. Nikapiga ukelele ambao nadhani hata Burundi waliusikia, nikalitikisa tawi kwa nguvu zangu zote. Bata akaruka. Nyuki wakanishukia.

Nilifika nyumbani jicho limefumba, mdomo umevimba, ndoo tupu. Mke wangu alinitoa miiba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikajua amekasirika kwelikweli.

Jumamosi wageni walikunywa chai ya sukari. Baba wa kijana aliniangalia uso, akauliza kama nilipigana.

"Nimepigana," nikasema. "Na bata."

Walicheka sana, na posa ikapita bila ubishi. Mke wangu hakucheka.

Wiki kadhaa baadaye alirudi kutoka kijitoni na ndoo ya maji kichwani, yeye ambaye hajawahi kutazama ndege ila kuku wake. Hakuitua hata ndoo.

"Makinda wako wawili," alininong'oneza, utadhani tumesimama kwenye mzinga ulio wazi.