Migongo Yetu kwa Mwene

Mimi ni mwoga. Heri niliseme hilo mapema, maana wajukuu zangu wakiniona ninavyofokea watu wanadhani nilizaliwa hivi. Thubutu! Miaka ile ya hamsini, nilipoolewa nikatolewa kwetu Iringa na kuletwa milimani huku juu ya Mbalizi, nilikuwa naogopa hata jogoo wa jirani.

Mume wangu alikuwa mwinjilisti. Misheni ilikuwa mbali na mchungaji alikuja kwa nadra, kwa hiyo kanisa la kijiji lilikuwa mikononi mwake: kuhubiri, kufundisha waliotaka ubatizo, kuziba paa la nyasi lilipovuja. Watu walimwita mwalimu, nami wakaniita mama mwalimu, ingawa nilikuwa binti mbichi tu mwenye mtoto mgongoni. Nyumba tuliyolala, shamba letu la viazi, hata kiwanja cha kanisa, vyote vilikuwa vya Mwene. Ndivyo Wasafwa, wenyeji wa huku, walivyomwita chifu wao. Akipenda alikupa ardhi, akichukia ulifunga mizigo. Jirani yetu mmoja alibishana naye barazani kuhusu mpaka, na kabla mahindi yake hayajakauka alikuwa njiani kwenda Ubaruku, mbali kule bondeni, na mbuzi wake, mkewe nyuma analia. Walipita mlangoni kwetu, nikawaona. Tangu siku hiyo jina la Mwene likitajwa tu, nilikuwa nakimbilia jikoni.

Sasa sikia. Wenyeji walikuwa na heshima yao kwa Mwene, na hata kwetu Iringa mambo ya namna hiyo tunayajua. Akitokea, unapiga magoti, unakutanisha viganja na kupiga makofi ya taratibu mpaka aseme inatosha. Tena humpi mgongo. Ukiagana naye unarudi kinyumenyume hadi nje. Kumpa Mwene mgongo lilikuwa tusi, na watu walilipia tusi hilo kwa ng'ombe.

Basi Mwene akaanza kuja kanisani. Sijui kilichomvuta. Wengine walisema nyimbo, wengine walisema mke wake mdogo aliyekuwa anajifunza ubatizo. Mume wangu alifurahi mno. Jumapili ya kwanza Mwene aliingia katikati ya sala ndefu. We! Kanisa zima liligeuka, magoti chini, makofi pa, pa, pa, na sala ya mume wangu ikakatikia njiani. Makofi yalipoisha hakuna aliyekumbuka tulikuwa tunaombea nini.

Wazee wa kanisa wakakuna vichwa. Aketi wapi? Akikaa nyuma, wote watampa mgongo. Akikaa katikati ya wanaume, walio mbele yake watampa mgongo. Wakaleta kiti chake kutoka kwake, wakakiweka mbele kabisa, penye meza ya msalaba, awatazame watu. Wakaona shida imekwisha, na mimi nilikuwa wa kwanza kushukuru.

Lakini jamani, mambo yalipinda polepole. Kengele yetu, rimu la gari lililoning'inizwa mtini, haikupigwa tena mpaka tarishi wa Mwene aonekane anashuka kilima. Mume wangu akihubiri, watu walimtazama Mwene usoni wajue kama mahubiri ni mazuri. Akicheka, wanacheka. Wimbo ukianza, wanangoja kichwa chake kitikisike ndipo wapandishe sauti. Hata amina ilingoja amina yake. Msalaba ulikuwa nyuma ya bega lake hauonekani, na mwinjilisti wangu alikuwa amesogezwa pembeni karibu na dirisha, amesimama kama mtu aliyekuja kuazima jembe.

Aliyemchoma mume wangu ni mwenye duka mmoja wa Mbalizi, Mwislamu, babu zake watu wa pwani, mcheshi hana mfano. Tulikwenda kwake kununua sabuni na mafuta ya taa.

"Mwalimu," akasema akimimina mafuta, "nasikia siku hizi kibla chenu kimehamia kwa Mwene? Sisi hapa tukiwa kwenye swala, hata gavana akipita atasubiri tumalize."

Akacheka, na mimi nikacheka, maana alisema kwa utani mzuri. Mume wangu hakucheka. Njia nzima ya kupanda mlima alitembea mbele yangu. Tulipofika aliweka kopo la mafuta chini, akaniuliza, "Mke wangu, hivi Jumapili tunamwabudu nani?"

"Mungu, nani mwingine?"

"Una hakika?"

Nilipandwa na hasira kwa sababu nilijua anakoelekea. Nikamwambia viazi havijavunwa, asianze.

"Jumapili hii nitapiga kengele kwa saa yake," akasema. "Kiti cha Mwene nitakiweka kwenye mstari wa wanaume, kitazame mezani kama wengine. Na akitukuta kwenye sala, sala haikatiki."

"Ala! Una wazimu? Unataka tuwafuate wale wa Ubaruku? Mtoto huyu utamlaza wapi, kwenye majani?"

"Naogopa na mimi," akasema. Akanyoosha mikono yake, nikaiona inatetemeka. "Lakini nikisimama pale nimefumba jicho moja kwa Mungu, na jingine namchungulia Mwene, namdanganya nani?"

Nikamtukania ukoo wake. Jumamosi nilifunga vyombo vyangu, sufuria, nguo za mtoto na mfuko wa maharage, nikaweka karibu na mlango. Alikanyaga kando ya ule mzigo akiingia na kutoka.

Jumapili kulikuwa na ukungu. Kengele ililia, na watu wakatoka majumbani wakishangaa, wakitazama kilimani. Tarishi hayupo. Mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono mlangoni akaninong'oneza, "Mama mwalimu, mumeo anataka kutuua?" Nikamwambia amwulize mwenyewe. Wengi waliingia kwa kujivuta, wakakaa kwenye mabenchi ya udongo, wanawake kushoto, wanaume kulia. Mbele palikuwa na meza na msalaba tu. Sikuwa nimeuona kwa miezi, na siku ile ulinitisha.

Tukaimba, sauti zimekauka. Kisha mume wangu akasema tufumbe macho, akaanza sala ndefu.

Hakufika mbali. Nje tulisikia makofi ya watu waliochelewa: pa, pa, pa. Mwene amefika. Nilisikia benchi zima la wanawake likivuta pumzi. Tarishi alisimama mlangoni akatangaza kwa sauti, "Mwene ameingia!" Mume wangu sauti ilimtetemeka, ikazama, nikajua ananyamaza sasa. Hakunyamaza. Aliendelea kuombea wagonjwa, mmoja mmoja. Hakuna aliyegeuka. Mpaka leo sijui ule ujasiri waliutoa wapi. Labda kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze.

Lakini mimi nilishindwa. Viganja vyangu vilikuwa vimeshakutana vyenyewe. Nikafumbua macho, nikageuza shingo. Mwene amesimama mlangoni, fimbo mkononi, anatazama migongo ya watu wake. Macho yetu yakakutana. Nikageuka mbele haraka. Sala ilipokwisha alikuwa ameondoka.

Usiku ule usiseme habari ya kulala. Kesho yake mume wangu alikwenda kumwona mgonjwa ng'ambo ya bonde, nikabaki namenya viazi uani. Nikainua uso, Mwene huyo, na tarishi wake nyuma. Mwene kwenda nyumbani kwa mtu! Kisu kilinidondoka. Nikapiga magoti palepale kwenye maganda, nikapiga makofi mpaka akasema inatosha.

"Mwalimu ametoka, Mwene," nikasema. Kisafwa changu kilikuwa cha kuombea maji.

"Sikumfuata yeye. Nimekufuata wewe." Akaketi kwenye kigoda changu. "Tangu nilipotawazwa sijawahi kuona migongo ya watu wangu. Jana nimeiona yote. Wewe peke yako uligeuka. Kwa nini?"

"Nilikuogopa, Mwene."

"Na wale hawaniogopi?"

Mungu wangu! Nikisema hawamwogopi, nimekichongea kijiji kizima. Nikisema wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa Mungu, nimemfanya mume wangu mwongo. Mtoto alianza kulia mgongoni, nikamtikisa huku nimepiga magoti.

"Wanakuogopa sana, Mwene," nikasema. "Hata mume wangu anakuogopa, mikono inamtetemeka. Ila walikuwa wanaongea na mwingine, hawakuweza kumkatiza."

"Na wewe ulikuwa huongei naye?"

"Hapana, Mwene. Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Alikuwa amekasirika, lakini hakuwa na uso wa mtu wa barazani. Alikuwa na uso wa mtu aliyenyimwa kitu asichokijua.

"Mimi naweza kusubiri mtu akiongea na mwingine, kama huyo mwingine yupo," akasema. "Jumapili nitachelewa tena, makusudi. Nitaingia bila tarishi, nisimame nyuma yako. Ukigeuka, nitajua huko mbele hakuna mtu, na mumeo ananichezea tu mbele ya watu wangu. Basi huo mzigo niliouona mlangoni utaubeba."

Akaondoka, na mimi nikarudi kinyumenyume mpaka ukutani.

Mume wangu aliporudi nilimsimulia huku nampiga ngumi za kifua. Alinisikiliza, akasema, "Basi usigeuke." Hee! Wanaume! Kana kwamba shingo ni mlango wa kufunga na komeo. Wiki nzima nilikuwa nafanya mazoezi. Nikichota maji kisimani, mtu akiniita nyuma, najizuia kugeuka, watu wakadhani nimekuwa kiziwi.

Jumapili ikafika. Nikakaa mahali pangu. Sala ikaanza, nikakaza shingo, nimetega masikio kwenye kila jani linaloguswa nje. Huyo. Siyo yeye. Huyo sasa. Siyo. Hapo likanijia jambo lililonitisha kuliko vyote: nimetazama msalaba na wala sigeuki, lakini sigeuki kwa sababu ya nani? Kwa sababu ya Mwene! Kiti kimeondolewa mbele na bado ni yeye tu ninayemwabudu.

Nikataka kulia. Nikasema moyoni, kwa Kihehe, maana Kiswahili cha sala kilinikimbia: Mungu, mimi namwogopa huyu mtu kuliko wewe. Sikujui vizuri, yeye namjua. Nikamweleza habari ya nyumba. Nikamweleza viazi, na mtoto anayekohoa, na mama yangu Iringa ambaye huenda nisimwone tena, na mikono ya mume wangu. Nilimfokea pia kidogo, nikamwuliza kwa nini ameweka mambo makubwa kwenye shingo ya mtu mwoga. Maneno yalikuwa mengi, sikujua kama ninayo.

Mume wangu aliposema amina, nilifumbua macho nikafuta machozi kwa kanga. Upande wa pili, Mwene alikuwa ameketi kwenye benchi la udongo, katikati ya wanaume, akitazama mbele. Sikuwa nimemsikia akiingia, wala akisimama nyuma yangu.