Maganda Juu ya Paa la Mume Wangu

Mwanamke hapandi juu ya paa la nyumba ya mumewe. Huku Seme hakuna anayekufundisha hilo, unalijua tu, kama unavyojua kwamba moto unachoma. Ukipanda, umemkalia mume kichwani, umemwitia kifo. Mimi nililijua tangu Awasi nilikozaliwa, na bado nilipanda. Wacha niseme kwa nini, maana yamesemwa mengi na waliosema hawakuwepo.

Mume wangu alikuwa anauza juisi ya machungwa Kisumu, karibu na stendi. Jioni yanabaki maganda gunia zima, na askari wa kaunti wanamfokea kwa uchafu, basi akawa anayaleta nyumbani. Nililalamika, yawa! Nzi, uvundo, mbuzi wanaharisha. Mpaka siku moja mwalimu wa chuo akaja kutoka Maseno kuzungumza na akina mama wa kanisa letu. Alishika ganda mkononi akasema sisi tunakunywa maji na kutupa mali. Mwili, alisema, unachakaa kidogo kidogo kama bati linavyoshika kutu, na ndani ya ganda la chungwa, hata ile nyama nyeupe chungu tunayoibandua, kuna vitu vinavyozuia hiyo kutu. Osheni sana, kwa sababu ya dawa za shambani. Kateni nyembamba. Msianike kwenye jua kali, linaviua vile vitu vizuri. Anikeni kivulini penye upepo, kisha msage. Unga wake unaingia kwenye chai, unaingia kwenye mandazi, na mbuzi wapewe kidogo tu. Halafu akarudia kusema, "Hii si dawa. Mgonjwa apelekwe hospitali." Nalitaja hilo kwa sababu baadaye wapo waliosema eti niliacha hospitali nikashika maganda. Uongo mtupu.

Chini hapafai kuanika kitu, mbuzi na kuku hawana adabu. Mahali pekee penye kivuli na upepo palikuwa juu ya nyumba yetu, upande unaofunikwa na mwarobaini. Mume wangu akatandaza wavu mkuukuu wa kuvulia omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya mabati, asubuhi anapanda kuanika, jioni anapanda kuanua, mimi nampokelea karai chini. Alikuwa ananiita Nyar Awasi, binti wa Awasi. "Nyar Awasi, sasa umenigeuza tumbili," anasema kule juu. Tulikuwa tunacheka sana siku hizo.

Kisha ini lake likaharibika. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya njano. Tulikwenda hospitali ya Kombewa, tukapelekwa Kisumu, tukarudishwa Kombewa, na mwisho daktari akaniita kando, kwa upole, akaniambia nimpeleke nyumbani nimtunze. Sikumuuliza ana maana gani. Nilielewa.

Hakuna kitu kilichokaa tumboni mwake. Uji anatapika. Mchuzi wa samaki, harufu peke yake inamshinda. Kilichokubali ni kimoja tu, maji ya moto yaliyochemshwa na maganda makavu na sukari kidogo. Kwamba si dawa, nilijua, naye alijua. "Mimi nimeshashika kutu yote," aliniambia, "lakini hii inanisafisha mdomo." Akishakunywa alikuwa analala bila kulia. Basi kazi yangu duniani ikawa hiyo moja, asikose kikombe chake mpaka mwisho.

Sasa aliyekuwa anapanda paa ni shemeji yangu. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, machungwa yameadimika mjini, na yale maganda yaliyokuwa juu yalikuwa ya mwisho. Siku hiyo shemeji alikuwa amekwenda matangani. Mchana wingu likapanda kutoka ziwani, jeusi, na upepo wenye harufu ya mvua. Nilisimama uani nikaita, nikaita tena. Hakuna mwanamume aliyeitika. Ganda likilowa linaota ukungu, na lenye ukungu ni sumu, unatupa lote. Nikaitazama ngazi. Nikajifunga leso kiunoni nikapanda.

Nilikuwa nazoa kwa mikono miwili niliposikia sauti yake ndani, chini ya miguu yangu.

"Ni nani huko juu?"

Ningeweza kunyamaza. "Ni mimi."

Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati. Kisha akasema, "Kanyaga kwenye misumari. Bati la mwisho linateleza."

Hakukasirika. Nataka watu wote wa boma hili walijue hilo.

Nilipogeuka kushuka, mama mkwe wangu alikuwa amesimama uani, mikono kichwani, mvua inampiga. "Nyar Awasi! Unamuua mtoto wangu!" Akapiga nduru mpaka majirani wakaja. Akawaambia chira imeingia, ile laana inayomkausha mtu mwiko ukivunjwa. Nikamwambia, "Mama, mtoto wako alikuwa anakufa kabla sijapanda." Maneno yalinitoka hivyo hivyo, na siyajutii.

Karai, nililokuwa nimelifunika kwa leso yangu, nikaliweka jikoni. Maganda yalikuwa makavu, hata moja halikulowa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikaingia kumbadilishia mgonjwa shuka, na nilipotoka, jikoni kulikuwa kumejaa moshi wenye harufu tamu ya machungwa. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga, karai tupu liko kando. Kilichoshushwa na mguu wa mwanamke, alisema, hakitaingia kinywani mwa mwanawe. Nilitia mkono motoni. Nilichotoa kilikuwa makaa.

Jioni mume wangu akaomba kikombe chake. Nikachemsha maji, nikatia sukari, nikampa. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu.

"Leo umesahau maganda."

"Yameisha."

"Si nilikusikia ukiyaanua?"

Ningemwambia nini? Kwamba mama yake ameyachoma? "Yalilowa," nikasema.

"Pole," akaniambia. "Ulijaribu."

Alitapika na kulia mpaka kukacha. Wiki hiyo hiyo akafa, na kikombe kile hakukipata tena.

Kwenye mazishi walisema nimemuua mimi. Mwanamke alipanda paa, mume akafa, hesabu imekamilika. Ya moto wa jikoni hakuna aliyeyauliza. Shemeji mpaka leo hagusi paa langu, anaogopa, na linavuja pale pale alipokuwa analala ndugu yake.

Msimu wa machungwa uliporudi, nilikwenda Kisumu nikaleta gunia la maganda. Niliyaosha, nikakata, nikaegemeza ngazi mchana kweupe, kila mtu akiona. Mama mkwe akatoka, akasimama pale pale aliposimama siku ile.

"Shuka," alisema. Safari hii hakupiga kelele.

"Nishuke kwa nini, Mama? Nimebaki na mume gani wa kuua?"

Akakaa chini kwenye tope, akaanza kumlilia mwanawe. Mimi nikaendelea kutandaza maganda.